Mwalimu Iwabuchi Anaongea na Mmea

Jumatatu, 2 Septemba

Likizo imekwisha. Asubuhi Takehiro alinisindikiza hadi kwenye baiskeli, mikono ikinukia nyasi mbichi za mikeka ya tatami, akanifungia kofia chini ya kidevu kana kwamba naenda vitani. Nusu mwaka wa ndoa na bado ananiaga hivi. Nilivuka daraja natabasamu peke yangu kama mwehu.

Tabasamu liliishia kwenye kabati la viatu la shule ya sekondari. Kila mwalimu ana kijumba chake chenye jina, cha kuacha viatu na kuchukua sapatu za ndani. Mwalimu mpya wa hesabu, aliyefika leo leo, jina lake limeshabandikwa. Mimi nipo tangu Aprili. Nikachukua sapatu za kijani za wageni, zile zinazochomoka mguuni kwenye ngazi. Kule shule ya msingi ya mlimani ni za kahawia. Shule ndogo ya pwani, za kijani tena, na moja imechanika. Shule tatu, na kote mimi ni mtu aliyepita kuuliza njia.

Halafu somo la Kiingereza. Mwalimu Iwabuchi, mwenye somo hilo shuleni, alitaka nisome polepole. Si angeniambia? Haruhusiwi. Mimi ni mtu wa kampuni, si mtu wa shule; shule inanunua masomo, mwalimu wa shule akiniagiza jambo lolote ni kosa la kisheria. Mwaka jana wakaguzi wa kazi walikuja wakauliza maswali, na tangu hapo kampuni inaogopa hata kivuli. Basi Mwalimu Iwabuchi akatoka darasani, akamwambia makamu mkuu wa shule, makamu akapiga simu kwenye kampuni, na simu ikalia mfukoni mwangu mbele ya watoto wote.

"Mwalimu Rowena, shule inaomba usome polepole kidogo."

Mwalimu Iwabuchi alikuwa ameshasimama tena pembeni yangu, karibu kiasi cha kushika mkono wangu. Anaangalia sakafu. Masikio mekundu.

Nimemsimulia Takehiro jioni. Akacheka hadi sindano yake kubwa ya kushonea mikeka ikamdondoka. Nikamnunia. Akaniletea chai, akakaa karibu yangu, bega kwa bega. Siwezi kumnunia mtu huyu kwa muda mrefu. Lakini kampuni naweza, na nitaendelea.

Alhamisi, 5 Septemba

Sina meza shuleni. Nina kona ya meza kando ya mashine ya fotokopi, na kwenye kona hiyo kuna mmea wa chungu wenye majani mapana. Leo nilikuwa nakata kadi za picha. Mwalimu Iwabuchi akaja na birika la maji, akaanza kuumwagilia. Ni mtu mrefu, mwembamba, karibu na kustaafu, anaongea kama anayeomba radhi.

"Wewe mmea," akasema. "Kuna msichana wa kidato cha tatu, Chihaya Okuyama. Anaingia mashindano ya hotuba za Kiingereza mwisho wa mwezi. Kiingereza changu ni cha vitabuni. Laiti kungekuwa na mtu wa kumsikiliza jioni."

Nikaduwaa. Kisha nikaelewa. Anaongea na mmea, haniagizi mimi.

"Mmea," nikasema, "mwambie bwana huyo kwamba mkataba wangu unaisha saa kumi jioni, na dakika inayofuata mimi si mwalimu tena."

"Mmea, mwambie mama huyo naelewa."

"Mmea, mwambie bwana huyo sikukataa."

Walimu wengine waliendelea kuchapa kwenye kompyuta zao. Hakuna aliyeinua kichwa. Nadhani wote walisikia.

Baadaye nilimkuta Chihaya kwenye korido, anafuta sakafu na wenzake. Darasani anasoma kama wote, bapa, kila neno limekwama kwenye meno. Nikamuuliza kwa Kiingereza hotuba yake inahusu nini. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akanijibu. Mungu wangu, sauti ile. Safi, ya mtu anayeongea, si ya mtu anayesoma. Kumbe anajua! Alijifunza kwenye filamu alizotazama na bibi yake.

"Sasa mbona darasani unasoma vile?"

"Mwaka wa kwanza nilisoma hivi, Mwalimu. Wakacheka muhula mzima. Wakaniita Mmarekani, wakawa wananiuliza kama bado nakula wali kama wao." Akakamua tambara. "Nikaacha."

Nimerudi nyumbani nikiwa nimefura. Nchi nzima inalipa makampuni ili watoto waongee Kiingereza, na anayekiongea anachekwa mpaka anakisahau.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimempigia Bwana Nukaga wa kampuni. Nimeomba kwa adabu zote.

Amesema kampuni inauza masomo. Saa ikiisha, hakuna somo. Nikikaa na mtoto baada ya saa, hiyo ni kazi isiyo na mkataba, na shule itaonekana imeniagiza.

"Ni msichana mmoja tu, Bwana Nukaga."

"Leo ni mmoja, Mwalimu Rowena."

"Nitamsikiliza bure."

"Bure ndiyo mbaya zaidi." Sauti yake ni laini kama tofu, ndiyo inayonikera. "Isitoshe sasa tunaandaa majina ya mikataba mipya ya Aprili. Ningependa la kwako liwemo."

Nimeelewa. Kila mwaka majina yetu yanawekwa kwenye mizani kama samaki. Na naipenda kazi hii! Niliishia sekondari, nikafungasha chakula cha boksi kiwandani miaka mitano kwa glavu na barakoa, hakuna aliyejua sauti yangu. Sasa kuna watoto wa mlimani wanaokimbia dirishani wakiniona nafika. Sitaki kurudi kwenye mkanda wa kiwanda. Takehiro anasema hata nikirudi atanipenda na ile kofia ya plastiki kichwani. Nikamwambia asiongee maneno matamu nikiwa na hasira, yanapotea bure.

Jumanne, 10 Septemba

Mama mkwe wangu ni mtu wa ajabu. Tulikuwa tunakula samaki wa kuchoma, mimi nalalamika, yeye anatoa miiba. Mara akaweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Hao Okuyama si ndio wanaotuletea ubao?"

Ubao wa mtaa. Una klipu na matangazo: usafi wa mfereji, tarehe za takataka, nani amefiwa. Nyumba moja inasoma, inagonga muhuri, inapeleka nyumba inayofuata. Akina Okuyama wanatuletea sisi. Sisi tunampelekea Bi. Kikue, mjane wa pale kwenye mti wa persimoni.

"Shuleni wewe ni mali ya kampuni," akasema Mama. "Hapa ni mkwe wangu. Jirani akileta ubao, akapewa chai, akaongea kidogo na mkwe wangu, nani wa kumzuia?"

"Lakini Mama, ubao huja mara mbili kwa mwezi."

"Basi mwezi huu utakuja kila siku." Akarudi kwenye samaki wake.

Takehiro akanitazama juu ya bakuli la supu, macho yanacheka. Nimeolewa katika familia ya wahalifu, na nina furaha isiyo na kifani.

Ijumaa, 13 Septemba

Chihaya anakuja jioni na ubao kifuani kama ngao. "Samahani kwa usumbufu, nimeleta ubao." Akiondoka anauchukua tena, kesho yake anauleta. Mama anampokea kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuuona.

Tunafanyia karakanani, kati ya mikeka iliyosimamishwa ukutani. Hotuba yake inahusu nyumba ya kuogea ya bibi yake, walikooga watu wa mtaa mzima, ile ya bomba refu la moshi karibu na reli, iliyofungwa majira ya baridi. Yeye alikuwa anagawa taulo tangu ana miaka minne. Alijua migongo ya wanawake wote wa mtaa kabla ya kujua majina yao. Kuna mahali anasema: "Bibi alizima moto wa maji, na mtaa mzima ukaanza kuoga peke yake." Leo alipofika hapo alisahau kuwa bapa. Sauti yake halisi ikatoka, ikajaza karakana.

Takehiro hajui Kiingereza hata cha kuombea maji. Alipiga makofi katikati ya sentensi.

"Bado, bwana," nikamwambia.

"Sikuelewa neno," akasema, "lakini nimesikia baridi."

Chihaya akaona haya, akacheka na mkono mdomoni. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, siku hiyo utakaa wapi? Nikikuona, ninaweza kuongea hivi. Nikiwaona wao tu, itarudi ile nyingine."

Nikamwambia nitakaa mbele. Nimeahidi. Sijamuuliza mtu yeyote, nimeahidi tu.

Jumanne, 17 Septemba

Balaa.

Nimetoka shule ya mlimani — ambako leo nilisema neno "tufaa" katika madarasa yote, na mwalimu mmoja alinionyesha kwa kidole wakati wa kuanza na wakati wa kunyamaza, maana kidole hakimo kwenye sheria — nikamkuta Bi. Kikue mlangoni kwetu na mfuko wa chupa. Mfuko umebandikwa karatasi nyekundu: siku si yake, hatuchukui.

"Miaka arobaini katika mtaa huu," alikuwa anamwambia Mama, "sijawahi kurudishiwa takataka. Leo nimerudishiwa. Mbele ya watu wote wa kituo cha basi."

"Siku zimebadilishwa, Kikue."

"Zimebadilishwa lini?"

"Iliandikwa kwenye ubao."

"Ubao upi, Shizue? Ubao gani? Mimi tangu mwezi uanze sijaona ubao!"

Na hapo hapo, kwenye kijia, Chihaya huyo, ubao kifuani. "Samahani kwa usumbufu, nimele—"

Bi. Kikue akamtazama mtoto. Akautazama ubao. Akanitazama mimi na begi langu la kadi za picha. Mama akasema chai iko tayari. Bi. Kikue akasema hanywi chai ya watu wanaomficha habari. Akaunyakua ubao, akaenda zake, mfuko wa chupa ukilia mkononi.

Mama anasema itapita. Takehiro amekwenda kumwomba radhi na kumtolea chupa zake. Mimi sijatulia.

Alhamisi, 19 Septemba

Haikupita. Bi. Kikue alipiga simu shuleni. Hapa mtu akiona mtoto anaendesha baiskeli bila taa anapiga simu shuleni. Akiona paka ameumia anapiga simu shuleni. Alilalamika kwamba mwanafunzi anazunguka na ubao wa mtaa kila jioni kwa sababu ya mafunzo ya Kiingereza nyumbani kwa fundi wa mikeka. Makamu akapigia kampuni.

Bwana Nukaga amekuja mwenyewe, kwa treni, na suti, na boksi la keki ndogo zilizofungwa moja moja. Akaniketisha kwenye chumba cha kupokelea wageni. Ndiyo, cha wageni, na sapatu zangu za kijani. Akanisukumia karatasi: sitakutana na wanafunzi nje ya masomo, wala sitahudhuria mashindano.

"Nyumbani kwangu?" nikauliza. "Jirani akibisha hodi nisifungue?"

"Ukifungua, ufungue kama jirani."

"Nilifungua kama jirani."

"Ukiwa unamsahihisha matamshi?"

Nikalisukuma boksi la keki upande wake. Akaomba nigonge muhuri wa jina, ambao hapa ndio saini. Ninao kwenye mkoba, Takehiro alinichongea mwenyewe siku tulipoandikisha ndoa, jina la ukoo wake, Higashide, kwa mti wa plamu, kila mstari umekatwa kwa mkono wake. Nikauona ndani ya kijaluba chake kidogo cha hariri. Nikasema nimeusahau nyumbani.

"Basi niletee Jumatatu ya tarehe thelathini," akasema. "Lakini Jumamosi ya mashindano, tafadhali. Nitakuwepo ukumbini. Nisikuone."

Kipindi cha mwisho, kidato cha tatu. Chihaya alisimama kusoma. Bapa. Kila neno bapa. Hakunitazama hata mara moja.

Nimelia njiani, kwa hasira, juu ya daraja lile lile. Takehiro alikuja kunipokea na gari la mikeka. Alipakia baiskeli nyuma, akanifuta uso kwa taulo lake la kazi, uso wote ukanukia nyasi. Nikipoteza kila kitu na huyu akabaki, nitasimama. Lakini kwa nini nipoteze? Nimemwibia nani?

Jumatatu, 23 Septemba

Sikukuu. Tumetoka makaburini kwa mababu wa Takehiro, tumeosha mawe, tumeweka maua. Kurudi tukamkuta Bi. Kikue uani, ameshika sahani ya mabonge ya wali yaliyopakwa maharage matamu.

"Nilipiga simu kwa ajili ya takataka," akasema, bila salamu. "Sikupiga kwa ajili ya mtoto."

"Simu haijui tofauti," akasema Mama.

"Mnge​niambia tangu mwanzo. Ningekuja kusikiliza. Nimeoga kwa bibi yake miaka yangu yote ya hapa, huyo mtoto alinipa taulo kabla hajang'oa meno ya utoto."

"Usingeweza kunyamaza, Kikue."

"Nisingeweza," akakubali. Kisha akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo. "Mkwe, hotuba inasema nini juu ya ile nyumba?"

Nikamwambia, kwa Kijapani changu, ile sentensi ya moto kuzimwa. Akakaa kwenye ngazi na sahani yake. Mama akakaa pembeni. Wakala mpaka mabonge yakaisha. Sisi hatukuachiwa hata moja.

Alhamisi, 26 Septemba

Mmea umeanza kuwa wa njano. Maji mengi. Kila Mwalimu Iwabuchi akitaka kusema, anaumwagilia.

Leo alikuja na birika tupu, akasimama nalo.

"Mmea. Jumamosi, ukumbi wa mji, saa nne. Msichana anasema atapanda, lakini atasoma kama darasani. Anasema afadhali hivyo, hawatacheka." Akaligeuza birika mkononi. "Nimefundisha miaka thelathini na nne. Nadhani ni mimi niliyekuwa darasani siku walipocheka. Nadhani nilitabasamu nao, ili somo liendelee."

Fotokopi ilikuwa inatoa karatasi. Nilisubiri imalize.

"Mmea," nikasema, "mwambie bwana huyo nimekatazwa kuja."

"Mmea ameshaniambia."

Akaenda. Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kisha nikamchukia tena kwa kunifanya nimhurumie. Mtu mzima! Anaijua njia ya kwenda kwa mmea, haijui ya kuja kwangu.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimemwambia Takehiro siendi. Kisha nimemwambia naenda. Kisha siendi. Alikuwa anashona kitu, akaendelea kushona.

"Ukienda, Aprili huna kazi," akasema. "Usipokwenda?"

"Ninayo."

"Na sura utakayoingia nayo darasani?"

Akakata uzi kwa meno, akaniwekea mapajani alichokuwa anashona. Sapatu. Nyayo zake ni za tatami, ukingo wa kitambaa cha bluu kama cha mikeka ya vyumba vya heshima, na ndani kwenye kisigino ametarizi: Rowena Higashide. Kipimo changu kabisa. Alipima lini?

"Huna haja ya kusubiri wakubandikie jina," akasema.

Nimembusu kwenye macho yote mawili. Mama alipita, akasema karakana ni mahali pa kazi.

Jumamosi, 28 Septemba

Naandika kwenye ukumbi wa kungojea, karibu na mashine ya vinywaji. Takehiro ameleta gari la mikeka mpaka mlangoni kama limuzini. Ameninunulia chai ya kopo, ameketi na anashikilia mkoba wangu kwa mikono miwili. Nimesema nitakaa hapa nje tu. Nje si ndani. Nitasikia kupitia mlango.

Hapa pia ni mahali pa kuvua viatu. Sapatu za wageni zimepangwa kwenye kikapu, za kahawia. Nimezipita, nimevaa zangu.

Mama na Bi. Kikue wako ndani, mstari wa pili, wamekuja na mito yao ya kukalia. Bi. Kikue amemwambia mzee wa mapokezi kwamba yeye ni jamaa. Jamaa wa nani, mzee akauliza. Wa nyumba ya kuogea, akajibu.

Bwana Nukaga ameniona. Amesimama pale kwenye nguzo na makamu mkuu. Ameinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayefunga faili.

Chihaya amepita na kundi la shule. Uso mweupe kama mshumaa. Amenitazama miguuni, akaona sapatu, akasoma jina pale kisigino kilipoinuka. Kisha mlango ukafungwa. Ni wa sita. Sasa anaongea wa nne.

Wa nne amemaliza. Makofi.

Mwalimu Iwabuchi ametoka. Ameenda moja kwa moja kwenye mmea wa pale pembeni ya dirisha, mkubwa, wa plastiki. Akasimama mbele yake. Akafungua mdomo. Akagusa jani. Akalitazama lile jani kwa muda.

Akageuka. Akanijia, akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni. Sikujua macho yake ni ya kahawia namna hiyo.

"Mwalimu Rowena," akasema, kwa sauti ya darasani, "njoo ukae mstari wa mbele. Kiti cha kulia. Nimekushikia nafasi, Chihaya aweze kukuona."

Bwana Nukaga alikuwa ameshafika. "Mwalimu Iwabuchi, samahani sana. Hilo ni agizo?"

Makamu mkuu akakohoa. Masikio ya Mwalimu Iwabuchi yakawa mekundu, yale yale, lakini safari hii hakuangalia sakafu.

"Ndiyo," akasema. "Ni agizo."

Bwana Nukaga ametoa simu. Ameniomba nisubiri, anampigia bosi wake, nisiingie mpaka apate jibu. Ndiyo maana naandika. Anasema "ndiyo, ndiyo, hapana, mbele ya watu" na kuniinulia kiganja: bado. Mwalimu Iwabuchi amekwenda kushika mlango wazi kwa mguu wake. Ndani, wa tano anashukuru wasikilizaji. Takehiro amenyoosha mkono apokee kalamu.

Makofi yameanza. Kiganja cha Bwana Nukaga bado kiko juu. Nimesimama, naingia; Takehiro, shika kalamu —